Duka limefungwa, halijaungua: namna ya kukaa na figo ya mgonjwa wa sepsisi

Nikiingia zamu, kitu cha kwanza ninachoomba ni plasta. Nakata kipande cha urefu wa kidole, nakibandika kichwani mwa kitanda, naandika namba moja tu. Mgonjwa wa kilo 60 naandika 30. Wa kilo 74 naandika 37. Ni nusu mililita ya mkojo kwa kila kilo kwa saa. Mkojo ukikaa chini ya hapo saa 6 mfululizo, figo imeshaumia kwa vigezo vya KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya figo, vya mwaka 2012, hata kama karatasi ya maabara inasema hali ni shwari. Wanafunzi wananiita Mama Mkojo. Nimezoea.

Haya nawaandikia wauguzi na matabibu wa zamu ya usiku, mlio kwenye wodi ambazo saa nane usiku mna katheta, ule mrija wa kutoa mkojo kwenye kibofu, saa ya ukutani na macho yenu. Nitasema cha kufanya, kisha nitashuka na ninyi hadi ndani ya seli. Nimefundisha muda mrefu na nimeona jambo moja: aliyekaririshwa "pima mkojo kila saa" huacha akichoka. Anayejua kinachotokea mle ndani hukosa usingizi asipopima.

Kabla ya yote, antibiotiki. Sepsisi ni maambukizi yaliyouvuruga mwili mzima hadi viungo vinaanza kugoma. Mgonjwa akiwa kwenye mshtuko wake, presha imeanguka, dozi ya kwanza iingie ndani ya saa moja, na chanzo kitafutwe: jipu litoboliwe, mabaki ya kondo yatolewe, mguu uliooza upelekwe chumba cha upasuaji. Hakuna ujanja wa figo utakaofaa huku usaha umekaa tumboni.

Kupima mkojo kama mtu mzima

Namba ya plasta inataka uzito. Kama mgonjwa hawezi kusimama kwenye mizani, usibuni tu. Mama aliyejifungua juzi ana kadi ya kliniki yenye uzito wake. Kumbuka tu kwamba ule una mtoto, kondo na maji yake. Mzee wa kisukari ana daftari lake. Ukikosa vyote, waulize ndugu, kisha andika "makadirio" pembeni ya namba ili wa zamu ijayo ajue.

Mifuko yenye kichemba cha kupimia saa kwa saa hatuipati mara kwa mara. Mimi natumia jagi la kupimia, na mkojo ukiwa kidogo, sirinji ya mililita 50. Nawa, vaa glavu, fungua koki ya chini ya mfuko, toa mkojo, pima, futa koki kwa spiriti, funga. Usichomoe mrija pale unapoungana na katheta. Hapo unafungulia wadudu mlango mwingine. Na kabla ya kutangaza kwamba mkojo umekata, angalia kama mrija umejikunja, kama mgonjwa ameulalia, kama kibofu kimejaa ukikibonyeza. Nimewahi kumwamsha daktari saa tisa usiku kwa sababu ya mrija uliobanwa na chuma cha kitanda. Hakunisemesha siku mbili.

Kosa kubwa zaidi lilinikuta na bibi mmoja wa huku kwetu mkoani Tanga. Mkwewe alikuwa na siku 6 tangu ajifungue, homa juu, presha 84 kwa 48, anaongea maneno yasiyoeleweka. Nikabandika plasta yangu, 30. Saa moja usiku nikapima mililita 22, saa mbili nikapata 18. Saa tatu nikakuta mfuko mtupu kabisa.

"Bibi, nani amegusa mfuko huu?"

"Mimi, mwanangu. Nimeona unaanza kujaa, nikasema nikupunguzie kazi. Nimemwaga chooni."

Ningemlaumuje? Alikuwa anasaidia, na kosa lilikuwa langu kutomweleza. Nikamwambia, "Shika jagi hili, mama. Huu mkojo kwetu ni habari. Ukimwaga kabla sijauona, umechana barua sijaisoma." Tangu siku hiyo ndugu anayekaa na mgonjwa namwonyesha jagi kabla sijamwonyesha kiti.

Fomu nayo isidanganye. Katika wodi niliyowahi kufanya kazi zamani nilikuta imeandikwa 30, 30, 30, 30 usiku kucha, kwa wino mmoja na mwandiko mmoja usiotikisika. Figo ya binadamu haikojoi hivyo. Kama hukupima saa ile, acha wazi. Nafasi tupu ina ukweli kuliko namba ya kutunga.

Sasa tushuke ndani

Zamani tulifundishwa hadithi fupi: presha imeshuka, damu haifiki figoni, seli zinakufa kwa kukosa hewa. Kwa mtu aliyemwaga damu nyingi hadithi hiyo ina nafasi yake. Kwa sepsisi imepungukiwa. Mwaka 2006 watafiti wa Melbourne walichapisha kazi ya kondoo waliotiwa bakteria wa E. koli kwenye mshipa. Damu iliyopita figoni iliongezeka, na papo hapo uwezo wa kuchuja ukaporomoka. Baadaye, waliochunguza figo za watu waliofariki kwa sepsisi walikuta seli zilizokufa ni chache mno, madhara yametawanyika kipande hapa kipande pale, kiasi kisicholingana kabisa na figo zilivyokuwa zimegoma. Kama damu inafika na seli hazijafa, kwa nini hakuna mkojo?

Anza na ganda la bakteria. E. koli na jamaa zake wana ganda la nje lenye mafuta yaliyoshikana na sukari, na vipande vyake vikibanduka tunaviita endotoksini. Figo huchuja takribani lita 180 za maji kwa siku, na vipande hivyo vinachujwa humo humo, vinaingia kwenye mrija wa mwanzo wa nefroni, yaani kitengo kimoja kimoja cha figo chenye chujio na mrija wake. Seli za mrija huo zina kipokezi kiitwacho TLR4, kazi yake kuitambua endotoksini. Mdudu akiwa wa aina isiyo nayo, kama streptokoki, mlango ni mwingine, TLR2, ila ukumbi ni uleule. Kipokezi kikiguswa, protini ya NF-kB iliyokuwa imefungwa kamba ndani ya seli inafunguliwa, inaingia kwenye kiini na kuwasha jeni za uvimbe: TNF-alfa, interlukini 6 na ndugu zao. Seli zetu zilizopasuka kwingine mwilini nazo zinamwaga vitu vyao, protini ya HMGB1 na vipande vya DNA ya mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli, na figo inavichuja vyote. Chujio ndilo linalokusanya taka za mji mzima.

Seli ya mrija huu ina mitokondria nyingi kupita kiasi, kwa sababu kazi yake ni kuirudisha mwilini chumvi iliyochujwa, na kusukuma chumvi ni kazi ya mabavu inayokula sehemu kubwa ya oksijeni ya figo. Sepsisi inapiga hapo hapo. Oksidi ya nitriki inatengenezwa kwa wingi na kuziba hatua ya mwisho ya upumuaji wa mitokondria. PGC-1 alfa, protini inayosimamia utengenezaji wa mitokondria mpya, inashuka. Mitokondria zinavimba na kuvujisha chembe haribifu za oksijeni. Seli inaacha kuchoma mafuta, inageukia kuvunja glukosi haraka haraka, njia inayotoa ATP, sarafu ya nishati ya seli, 2 badala ya 30 hivi.

Mwenye duka akiona vurugu sokoni hufanya nini? Huvuta shata chini. Seli nayo inapunguza matumizi. Inaondoa pampu za chumvi kwenye utando wake. Inakula mitokondria zake zilizoharibika ili zisilete madhara zaidi. Inasimamisha mpango wa kugawanyika kwenye hatua ya G1, na protini mbili zinazohusika na kusimama huko, TIMP-2 na IGFBP7, zinatokea kwenye mkojo. Kipimo chake kiliruhusiwa Marekani mwaka 2014. Sisi hatuna, lakini kujua kwamba kipo kunakusaidia kuamini kwamba seli imesimama tu, haijafa.

Kinachofuata ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Ukutani pa darasa nimekichora kwa makaa ya moto na mwalimu mkuu hajafurahi bado. Chumvi ambayo seli imeacha kuirudisha inateremka na mkojo mpaka kwenye kikundi cha seli kiitwacho makula densa. Hicho ni kituo cha mizani, kama kile cha malori barabarani. Kikiona mzigo wa chumvi umezidi, kinaachia adenosini, na kijishipa kinachoingiza damu kwenye chujio kinabanwa. Wakati huohuo kijishipa kinachoitoa kinalegea. Mgandamizo ndani ya chujio unaanguka hata kama damu inapita nyingi. Mkojo unakata. Ukiwaza vizuri utaona figo ina akili: lita 180 zikiendelea kuchujwa na hakuna wa kuzirudisha, mgonjwa angekauka kabla ya jioni.

Basi ile 18 niliyoipata saa mbili usiku haikuwa mwisho wa figo ya yule mama. Ilikuwa shata iliyovutwa. Kazi yetu ni kutuliza vurugu nje na kutochoma duka kwa mikono yetu.

Kriatinini huja na basi la mwisho

Kriatinini ni taka ya misuli ambayo figo huitoa, nasi tunaipima kwenye damu. Ichukue siku ya kwanza, na kila siku baada ya hapo. Kupanda kwa mikromoli 26.5 kwa lita ndani ya saa 48, au kufika mara moja na nusu ya kiwango cha awali ndani ya siku 7, ni jeraha la ghafla. Lakini usiisubiri. Hukusanyika polepole baada ya chujio kufungwa. Sepsisi yenyewe hupunguza utengenezaji wake kwenye misuli. Na ukishamwaga lita tatu za dripu umeizimua. Yule mama alikuwa na 92 usiku ule, namba ambayo mtu angeipita bila kugeuza shingo. Asubuhi 141, kesho yake 268.

Nani anakuambia mapema zaidi? Nenda na mililita 10 za mkojo mbichi maabara, umsihi mtaalamu auzungushe kwenye mashine kisha aangalie mashapo kwa hadubini badala ya kuishia kwenye kijiti. Akiona vimirija vya chengachenga rangi ya matope, na seli za mrija zimebanduka, una ushahidi kutoka ndani. Mkojo msafi haumaanishi figo salama, kwa sababu seli nyingi bado zimeng'ang'ania ukuta. Wenye maabara kubwa hupima NGAL, protini ambayo kazi yake ya asili ni kumnyima bakteria chuma, na KIM-1, ambayo huipa seli ya mrija tabia ya kumeza wenzake waliokufa. Seli iliyozaliwa kurudisha chumvi inageuka mfagiaji! Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Dripu: hapa ndipo tunapoua

Mkojo ukipungua mkono unakimbilia dripu. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2021 unapendekeza angalau mililita 30 kwa kila kilo ndani ya saa 3 za mwanzo kwa aliye kwenye mshtuko. Sawa. Lakini mwongozo ule una wodi za mashine nyuma yake, na kwetu yapo mambo mawili ambayo kila mwenye kufungua koki ya dripu ayajue. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti wa FEAST, watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania wenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri mwilini. Muheza hapa jirani ilikuwa miongoni mwa vituo. Waliomiminiwa maji kwa kasi walifariki zaidi ndani ya saa 48, kama 10.6 kwa mia dhidi ya 7.3 ya wasiomiminiwa. Mwaka 2017 ukafuata utafiti wa Zambia, watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini: waliopewa maji mengi mapema na dawa za kupandisha presha walifariki 48.1 kwa mia, waliopata huduma ya kawaida 33.0.

Sababu moja inaonekana ukishuka tena chini. Mishipa yetu ndani ina manyoya laini ya sukari na protini, glaikokaliksi, yanayozuia maji kuvuja. Sepsisi inayanyoa. Ukuta ukibaki upara, seli zake zinaachia anjiopoitini 2 inayolegeza viungio, na maji unayomimina yanapenya kwenda kwenye mapafu na kwenye figo. Figo nayo imevaa koti gumu lisilotanuka. Ikivimba ndani ya koti hilo inajikaba yenyewe.

Kwa hiyo mimi namwanzishia mtu mzima mililita 500 za dripu ya Ringa kwa nusu saa, kisha nasimama. Nahesabu pumzi kwa dakika nzima. Nasikiliza mapafu chini mgongoni. Napima presha na kutafuta wastani: ya chini mara mbili, jumlisha ya juu, gawa kwa tatu. Ile 84 kwa 48 inakupa 60, na tunataka 65. Kama pumzi haijapanda na mapafu ni makavu, naongeza. Kama nimeongeza mara mbili tatu na wastani haujafika 65, namwita daktari tuzungumzie dawa ya kupandisha presha, noradrenalini, au adrenalini kama ndiyo iliyopo. Sifungui mfuko wa tano kimyakimya kwa sababu tu mkojo bado ni 20. Shata haifunguliwi kwa kumwagia duka maji.

Dawa za kutazama mara mbili

Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, toa kabisa. Kijishipa kile kinachoingiza damu kinashikiliwa wazi na prostaglandini, na diklofenaki inazima utengenezaji wake. Homa ipewe parasetamoli. Dawa za presha za jamii ya kaptopili zisimame hadi hali itulie. Gentamisini inaokoa maisha na siipigi vita, ila jua inavyoingia: seli ya mrija ina kipokezi kiitwacho megalini kinachovuta protini ndogo kutoka kwenye mkojo, nacho kinaivuta gentamisini ndani na kuirundika. Ikitolewa, iwe dozi moja kwa siku kwa uzito, na mtu aulize kila asubuhi kama bado inahitajika. Waulize pia ndugu, kwa upole, kama kuna dawa ya mizizi iliyonywewa nyumbani; ukiuliza kwa ukali utaambiwa hapana.

Na Lasix. Itatoa mkojo kwa baadhi yao, nawe utapumua, lakini haifungui chujio. Inazuia tu chumvi kurudishwa mbele kidogo ya mrija ule. Maji yakijaa kwenye mapafu, itumie. Kumfurahisha anayesoma fomu, hapana. Ile dopamini kidogo kidogo ya "kuamsha figo" ilipimwa vizuri Australia na New Zealand, matokeo yakatoka mwaka 2000, haikusaidia chochote. Bado kuna watu wanaiuliza.

Kuhusu dayalisisi, kusafisha damu badala ya figo, nasema haraka, maana uamuzi ni wa daktari: potasiamu inayokaa juu ya 6.5 licha ya dawa, mapafu yaliyojaa maji, asidi isiyorekebishika, fahamu inayopotea kwa sumu ya yurea. Kuanza mapema kabla ya hayo hakukuonyesha faida katika utafiti mkubwa wa mwaka 2020. Ila rufaa ipigiwe simu mapema, barabara zetu mnazijua. Na kumbukeni kuna njia ya kusafisha kwa tumbo. Hospitali ya KCMC Moshi wamewatibu hivyo wagonjwa wa figo za ghafla tangu mwaka 2009.

Shata ikipanda

Siku ya 4 yule mama alitoa 41 kwa saa. Siku ya 7 bibi alinisubiri mlangoni na jagi mkononi: "Mia mbili na kumi, mwanangu, na nimepima mara mbili!" Hapo wengi hushangilia wakaondoka. Msiondoke. Chujio limefunguka kabla seli za mrija hazijarudisha pampu zote, kwa hiyo maji na potasiamu vinapotea. Pima potasiamu kila siku, na mwache anywe.

Mle ndani seli zilizobaki zinarudi utotoni kidogo, zinajigawa, zinajaza mapengo, kisha zinakomaa upya. Nyingine hukwama katikati ya kujigawa, hatua ya G2, na seli iliyokwama pale hutoa TGF-beta na wenzake wanaoleta makovu. Mgonjwa huyu hajisikii chochote. Anarudi baada ya miaka na figo iliyosinyaa.

Ndiyo maana kwenye karatasi ya kuruhusiwa siandiki "arudi baada ya miezi 3". Naandika tarehe na siku, kriatinini aliyoondoka nayo, apimwe tena kriatinini na protini ya mkojo, na mstari mmoja kwa herufi kubwa: ASIPEWE DIKLOFENAKI. Kisha namsomea yule atakayekaa naye nyumbani, kwa sauti. Bibi alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama ile ya magoti yake naye aitupe.

"Wewe umri gani, mama?"

"Sabini na kitu."

Nikamwomba akae, nikamfunga mkono nimpime presha.